Kitanda Kisichobanduliwa

Kuna nchi moja, msiniulize iko wapi, ambayo jina lake haliwezi kuandikwa hapa kwa sababu lilitungwa miaka mingi iliyopita na hadi leo linasubiri mgeni rasmi wa kulizindua. Wananchi wake huiita "hapa kwetu", na mambo yanakwenda. Barabara wanazo, zimefungwa utepe. Visima wanavyo, vimefunikwa vitambaa vya satini. Ni watu waungwana, wacheshi, wanaopenda wageni, na wana desturi moja inayowatofautisha na mataifa mengine: kitu kipya hakibanduliwi nailoni yake.

Si kwamba hawajui kubandua. Wanajua sana. Ila kwao ukibandua nailoni umekizeesha kitu. Kochi likitoka dukani hukaliwa na nailoni yake, na mgeni akitaka kuaga husikika kwanza mapaja yake yakibanduka. Rimoti ya televisheni hubonyezwa juu ya nailoni mpaka namba zikafutika, na nailoni ikabaki. Godoro la bibi harusi hulaliwa na nailoni yake, likapiga kelele usiku kucha, na majirani wakajua mambo yasiyowahusu.

Kitwana Mbaruku aliipenda desturi hiyo kuliko watu wote, na serikali ilipoligundua hilo haikumwacha akae bure. Alipewa cheo cha Mkurugenzi wa Upya katika Wizara ya Afya na Uzinduzi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kifaa cha hospitali kinabaki kipya mpaka kiongozi atakapopata nafasi ya kuja kukizindua, na kwamba hakuna mgonjwa mwenye haraka atakayemtangulia kiongozi. Alikuwa mtu mwema, nawaambieni mapema msije mkamchukia. Hakula rushwa, hakumfokea mtu, na kila asubuhi aliwaamkia wafagizi wazee kwa shikamoo.

Basi vikaletwa vitanda.

Havikuwa vitanda vya mchezo. Godoro la kila kimoja lilikuwa limevikwa plastiki ya aina yake, iliyoundwa na wataalamu wa nchi za mbali, ambayo kijidudu chochote kikitua juu yake kinakufa. Haikupakwa dawa; plastiki yenyewe ndiyo iliyoua. Mhandisi wa kiwanda, mama mmoja mwembamba asiyejua kupumzika, alikuja navyo mpaka kwenye wodi ya wazazi kueleza.

"Inafanya kazi kwa kuguswa," alisema, na mkalimani akatafsiri kwa sauti ya ibada. "Ngozi ya mgonjwa, jasho lake, vijidudu vyake, vyote viiguse plastiki hii moja kwa moja. Basi. Hamhitaji kitu kingine."

Watu wakapiga makofi. Yule mama akainama, akashika ukingo wa nailoni nyembamba ya kawaida iliyowekwa kiwandani ili magodoro yasikwaruzwe njiani, akataka kuivuta. Kitwana akamshika mkono taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi.

"Mama, hapana," akamwambia. "Hiyo ni ya mgeni rasmi."

"Anakuja lini?"

"Anakuja."

Mhandisi alicheka, akidhani ni utani wa wenyeji, akaondoka kuwahi ndege.

Jioni ile Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Baltazari Kongoti, alilihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "vijidudu vimetunyanyasa vya kutosha. Walikuwapo babu zetu, vikawala. Wakaja baba zetu, vikawala. Lakini katika awamu hii, na naomba vinisikie vizuri huko viliko, kijidudu hakina pa kulala!" Akasema kwamba kwa kuwa kitanda sasa kinaua, serikali haina sababu ya kuua mara mbili. Sabuni ya kuoshea vitanda ikafutwa. Dawa za vidonda zikafutwa. Na Kitwana, kwa upande wake, akatoa agizo kwamba nailoni ile isipitishwe kitambaa chenye maji, maana maji yakiingia ukingoni itabanduka, na kitanda kitakachokutwa kimebanduka kabla ya uzinduzi kitahesabiwa kuwa mtumba na kurudishwa ghalani. Kila wodi ikawekewa mgambo. Waziri alimsifu kwa agizo lile mbele ya watu, akasema laiti angekuwa na wengine wanne wa aina yake.

Wagonjwa wakalazwa juu ya nailoni, vitanda vikaacha kuoshwa, na nchi ikasubiri.

Kitwana alikuwa na mtoto mmoja tu, Zaituni, mwalimu wa hesabu, msichana mwenye ulimi mwepesi aliyemrithi mama yake. Siku yake ya kujifungua ilipofika mtoto alikataa kutoka, akafanyiwa upasuaji. Akazaliwa mtoto wa kike mzima, mwenye kelele za kutosha. Zaituni akalazwa kwenye wodi ileile, kitanda cha dirishani.

Baba mtu alifika anatweta kwa furaha. Na hapa ndipo moyo wake ulipokuja kumsuta baadaye, maana kabla hajamjulia hali mwanawe aliinama kwanza kukagua ukingo wa nailoni. Akaupapasa, akaona umeshika vizuri, ndipo akamwangalia mtoto wake.

"Hongera, mwanangu. Unalalia kitanda cha taifa."

"Baba, kinaniunguza mgongo," Zaituni akasema. "Jasho halina pa kwenda. Nimelala kwenye dimbwi."

"Vumilia. Vitu vizuri ndivyo vilivyo."

"Juzi kalala hapa mwenye kidonda cha usaha. Hawajaosha."

"Hakioshwi, mama. Kinaua chenyewe."

Bi Hidaya, mkewe, alikuwa amekaa na mjukuu mapajani. Alimtazama mumewe, kisha akautazama ule ukingo wa nailoni.

Siku chache baadaye mshono ukaanza kunuka. Daktari Ndimbo, aliyekuwa na zamu wodini, aliufunua, akaufunika, akamwita Kitwana pembeni.

"Mzee, mshono umeingia vijidudu."

"Vimetoka wapi? Si kitanda kinaua?"

"Kinaua sana. Ila hawajaonana. Vijidudu viko juu, kitanda kiko chini, katikati kuna nailoni yako."

Kitwana alikuwa ameisikia ile hotuba ya mhandisi kwa masikio yake, aliipigia makofi, na hata siku moja hakuwa amewaza kwamba maana yake ni hiyo. Akakimbia duka la dawa la mjini, akanunua sindano alizoandikiwa, Zaituni akachomwa. Homa ikashuka. Akarudishwa palepale kwenye jasho lake na la wenzake, homa ikapanda upya, na safari hii haikuzisikiliza sindano.

"Basi nimpeleke nyumbani," akasema. "Nikamlaze hata chini, kwenye mkeka."

Sista Perusi, msimamizi wa wodi, akainamisha kichwa. "Haiwezekani, baba. Wagonjwa waliomo humu wamekwishatajwa kwenye hotuba ya uzinduzi. Akitoka mmoja, Mheshimiwa atakuwa amesema uongo."

"Nani alipanga hivyo?"

Sista akamwonyesha orodha ukutani; sahihi ya chini ilikuwa ya Mkurugenzi wa Upya.

Kesho yake Kitwana akaenda kuomba ruhusa ya kubandua kitanda kimoja tu, kile cha dirishani. Maombi ya namna hiyo huanzia kwa Mkurugenzi wa Upya. Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wageni, akajieleza hali yote, na machozi yakamtoka. Kisha akazunguka meza, akakaa kwenye kiti chake, akalifikiria ombi kama mkurugenzi mwadilifu anavyopaswa, bila kujali undugu. Akaona kwamba akimkubalia huyu, kesho atakuja mwingine, naye pia ana mtoto. Akalikataa. Alitoka mle amechoka pande zote mbili.

Akapanda kwa Katibu Mkuu, Bi Eufrasia Tandika, mama mwenye moyo wa huruma hasa. Bi Eufrasia alimmiminia chai, akalia naye.

"Ndugu Kitwana, ingekuwa mimi ningeing'oa hata kwa meno," akasema akijifuta. "Lakini agizo ni lako, na tumelisifia mno. Tukiligeuza leo watasema nini? Wa kulitengua ni mgeni rasmi peke yake."

"Na yuko wapi?"

"Yuko ng'ambo. Hujasikia? Ana jipu."

Kitwana akampigia simu palepale. Waziri alipokea kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Kitwana! Nilikuwa nakuwaza. Unajua wamenilaza kwenye kitanda gani? Kilekile chetu! Ni maajabu, ndugu yangu. Jipu limekauka, lile lililonitesa mwezi mzima. Isipokuwa hawa wenzetu hawana utamaduni, ninawahurumia. Wamebandua nailoni yote. Nalala juu ya plastiki tupu, ngozi kwa plastiki."

"Mheshimiwa," Kitwana alisema, "nakuomba. Zaituni wangu yuko juu ya nailoni, anaoza. Ruhusu nibandue kimoja."

Kitwana akasikia kiongozi anavuta kamasi. Alikuwa anahuzunika kweli, msimdhanie vibaya.

"Pole sana, pole sana. Sasa sikiliza. Nikitoka hapa sipiti nyumbani. Nakuja moja kwa moja kuzindua."

Na alikuja. Alipita nyumbani kidogo, akapita kwenye harusi, akapita kuzindua choo cha soko, lakini alikuja. Hospitali ikapakwa chokaa mpaka kwenye mashina ya miti. Kwa kuwa wodi ilikuwa inanuka, na haifai kiongozi aliyepona majuzi kuingia kwenye vijidudu, kitanda kimoja kilichokuwa hakijalaliwa na mtu kilitolewa nje, kikawekwa kwenye hema, kikazungushiwa maua. Bendi ikapiga. Waziri akashika ukingo, akavuta, nailoni ikaitika kwa mlio mrefu mtamu, na umati ukapiga vigelegele. Ile nailoni ikakunjwa, ikapelekwa makumbusho.

Kitwana alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa anasubiri neno moja tu, kwamba na vilivyobaki vibanduliwe. Waziri akakamata kipaza sauti.

"Nimeonja utamu huu," alisema. "Ningekuwa mchoyo ningebandua vyote leo. Lakini hii si serikali ya mtu mmoja. Viongozi wenzangu nao wana mikono! Kwa hiyo naagiza: kila kitanda kitakuwa na mgeni rasmi wake, na siku yake, na hotuba yake."

Vitanda vikagawanywa kwa vyeo siku hiyohiyo. Kimoja wakuu wa mikoa, kingine majaji, kingine mabalozi, kingine timu ya mpira iliyokuwa imetoka sare. Kitwana akapitisha macho kwenye orodha mpaka akakiona cha dirishani. Kilikuwa cha Naibu Waziri wa Afya na Uzinduzi.

"Naibu ni nani?" akamuuliza Bi Eufrasia, ingawa alijua.

"Hajateuliwa," Bi Eufrasia akajibu.

Kitwana aliporudi nyumbani alikuta sebule haina sura. Makochi yake yote yalikuwa yamechunwa, nailoni imerundikwa mlangoni, na mkewe amekaa juu ya kitambaa kitupu ameshika kisu cha jikoni.

"Hidaya, unafanya nini?"

"Najaribu mkono," akasema.

Asubuhi akaenda wodini na kisu chake kwenye kikapu cha uji. Alimgeuza mwanawe ubavu, akachoma nailoni, akaipasua mpaka katikati ya mgongo kabla mgambo hajamshika. Zaituni alicheka, kicheko cha mtu asiye na pumzi, akasema, "Mama, taratibu, hiyo ni mali ya Naibu Waziri." Hidaya akatolewa nje, akapigwa marufuku kukanyaga hospitali ile. Na kwa kuwa Mkurugenzi wa Upya aliwaangukia wasimamizi wasikipeleke kitanda ghalani mwanawe akaachwa sakafuni, walimkubalia kwa heshima yake. Kitanda kikabaki. Kilivikwa nailoni nyingine juu ya ile iliyopasuka, safari hii nzito zaidi.

Kuanzia hapo Kitwana akawa mtu wa korido. Alimfuata Waziri kanisani akamfuata msikitini, maana Waziri hakupenda kubagua. Alimsubiri kwa kinyozi. Kila alipomwona alisema neno lilelile: Naibu, Mheshimiwa, Naibu. Waziri mwanzoni alimkimbia, halafu akaanza kumzoea, mwishowe akampenda.

"Tazameni mzalendo huyu," akawaambia waliomzunguka. "Hakuna mtu katika nchi hii anayejua umuhimu wa Naibu Waziri kama yeye. Nani mwingine anafaa? Nampendekeza awe yeye."

Kwa mara ya kwanza tangu mjukuu wake azaliwe Kitwana aliona mlango uko wazi, na alikimbia barabarani na tai yake begani, mtu mzima yule, mpaka wodini.

Zaituni alikuwa amebaki macho na mifupa. Midomo ilikuwa imepasuka. Baba yake akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nitabandua mimi, mwanangu. Wamenipa unaibu. Nikishaapa tu nakuja."

Zaituni alimwangalia, akijitahidi kuelewa. "Wewe ndiye utakuwa mgeni rasmi, baba?"

"Ndiyo mama, mimi."

"Basi uje mapema," akasema. "Wageni rasmi huchelewa."

Alimwahidi. Akambusu paji la uso lililokuwa linachoma, akaenda kuapa.

Kumbe ukumbi wa kuapia ulikuwa umekarabatiwa, bado haujazinduliwa. Akaambiwa asubiri. Akashinda kwenye ngazi za ukumbi, akalala hapohapo, akaamka hapohapo. Mara mbili aliinuka kwenda kubandua na liwalo na liwe, na mara mbili akakumbuka kitanda kilichobanduliwa na asiye mgeni rasmi kinakwenda wapi, na anayelala juu yake anakwenda wapi, na kwamba unaibu wenyewe utapotea, na baada ya hapo hakuna mwingine atakayeuomba kwa ajili ya Zaituni. Akakaa tena. Hatimaye ukumbi ukazinduliwa, utepe ukakatwa, akaitwa ndani kufanyishwa mazoezi ya kuinua mkono wa kulia. Mkufunzi hakuridhika. Alisema kiwiko kinalegea, taifa litafikiri nini. Akainua, akashusha, akainua. Wakati mkono uko juu, Daktari Ndimbo akaingia kwa mlango wa pembeni, akasimama. Kitwana akamwona. Mkono wake ukabaki hewani, na mkufunzi akasema, naam, sasa umepatia.

Walimzika Zaituni alasiri ile. Bi Hidaya hakumlilia mumewe begani wala hakumlaumu. Alimbeba mjukuu, akarudi naye kwao.

Kiapo kikafuata, kwa kuwa tarehe ilikuwa imetangazwa. Na baada ya kiapo ikafuata kazi ya kwanza ya Naibu Waziri, iliyokuwa kwenye ratiba tangu zamani: uzinduzi wa kitanda cha dirishani. Kitwana alisema hatakwenda. Waliomzunguka walimwelewa kabisa, wakampa pole, wakamvalisha koti, wakampakia garini. Hakuwa na nguvu za kubishana na watu wapole kiasi kile.

Wodi safari hii ilioshwa. Mama mmoja aliyetoka kujifungua alikuwa amekalishwa kwenye stuli kando, na dripu yake imeshikwa juu, anangoja kitanda. Mkurugenzi mpya wa Upya, kijana nadhifu aliyefunzwa na Kitwana mwenyewe, alinyanyua ukingo, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Kitwana akavuta. Ile nzito ikatoka. Chini yake ikatoka iliyopasuliwa, ikiwa na alama ya kisu na mabaka ya jasho lililokauka kwa umbo la mgongo. Watu wakapiga makofi. Plastiki ikabaki tupu, nyeupe, inang'aa. Haikuwa imeguswa na kiumbe chochote.

Alitandaza kiganja chake juu yake. Ilikuwa baridi, laini kidogo. Akakiacha hapo, akasahau hotuba, akasahau kamera, akawa anapapasa mahali ambapo pangekuwa na bega.

Mkurugenzi mpya akasogea, akamnong'oneza sikioni kwa adabu zote.

"Mheshimiwa, samahani. Usikiguse. Kitachafuka."

Kitwana akautoa mkono. Kijana akatoa leso, akapafuta pale mahali, akaridhika. Yule mama wa kwenye stuli akauliza kama sasa anaweza kulala. Akaombwa avumilie kidogo, kuna mtu ametumwa ghalani kuleta nailoni.